Mjomba, tunabadilisha madirisha ya nyumba ya babu, ile sili, yani kingo ya chini ya dirisha, tuweke nini?

Shikamoo mjomba, natumai u mzima wewe na familia.

Nakuandikia kutoka Tanga, Ngamiani. Tuna nyumba aliyojenga babu mzaa mama kabla ya uhuru, kuta za mawe na chokaa, nene haswa, yani ukipima pale dirishani toka ndani mpaka nje unapata kama inchi 18. Madirisha ni yale ya mbao ya mbawa mbili, na nondo za kusimama ambazo chini zimezamishwa kwenye saruji. Sasa mbao zimeoza kwa chini, fremu ya chumbani kwa mama mchwa wameila, masika ikiingia tunapanga matambara maana maji yanaingia ndani, alafu lipu ya ndani chini ya madirisha ya upande wa kusini inavimba na kutoa unga mweupe, tunakwangua tunapaka rangi, mwaka unaofuata inabanduka tena palepale.

Mimi na ndugu zangu tumechanga hela tubadilishe yote tuweke aluminiamu ya kuslaidi yenye nyavu. Fundi wa aluminiamu amekuja kapima kaondoka na sasa anataka advansi. Nikamuuliza na sili je, akanambia hiyo sio kazi yake, yeye anaweka dirisha anapiga silikoni basi, ya chini atamalizia fundi wa lipu. Fundi wa lipu naye anasema atapiga saruji kidogo abandike tailizi zilizobaki za bafuni zisipotee bure. Kaka yangu aliyeko Dar kaona graniti nyeusi kwa rafiki yake, anataka graniti ndani na nje nyumba nzima. Mimi roho yangu iko kwenye mbao kwa ndani, kwasababu mama ile kingo ya chumbani kwake ndo kiti chake, anakaa pale jioni na msahafu wake na radio na kikombe cha kahawa, anaamkiana na wapita njia. Mwenyewe mama anasema sili zake ziko sawa toka enzi za baba yake tusizivunje.

Sasa mjomba nimechanganyikiwa. Niweke ipi? Lazima ndani na nje zifanane? Na dirisha lenyewe likae usawa wa nje au katikati ya ukuta? Fundi ananipigia simu kila siku kuhusu advansi yake.

Mwana wa Ngamiani, Tanga

---

Marahaba mpwa wangu, mimi mzima, nisalimie mama sana.

Advansi usitoe bado. Sio kwamba fundi ni mbaya, ila vipimo alivyochukua ni vya tundu la dirisha kabla sili haijaamuliwa, na sili inakula kimo. Hebu piga hesabu: graniti ya sentimita 2 ukiilaza kwenye udongo wa saruji wa sentimita 2 au 3 tayari umepandisha chini kwa sentimita 4 au 5, zege ndo zaidi ya hapo. Akishakata aluminiamu kwa kimo cha sasa, siku ya kufunga dirisha halitaingia na sili mpya pamoja, kwahiyo watafanya kile ninachokiona nyumba nyingi, dirisha linafungwa kwanza alafu sili inakuja kusukumwa mbele yake, inagota kwenye fremu kwa nje, na hapo panabaki ufa ambao silikoni peke yake ndo inauziba. Silikoni baada ya muda inachoka, inaachia, na maji yanashuka moja kwa moja ndani ya ukuta. Sili ya nje inatakiwa ipite CHINI ya fremu, dirisha likae juu yake. Ndo maana nasema sili kwanza, vipimo baadae, advansi mwisho.

Na huo unga mweupe unaoniambia, huo ni chumvi. Maji yanaingia pale chini ya dirisha, yanapita kwenye ukuta yanayeyusha chumvi iliyomo, yakifika ndani yanakauka chumvi inabaki usoni inasukuma rangi na lipu. Kama unatokea chini ya madirisha tu, tena ya upande wa kusini ambako kusi inapiga na mvua ya masika, basi mwizi ni dirisha na sili yake. Ungekuwa umezunguka chini ya kuta zote karibu na sakafu ningekwambia unyevu unapanda kutoka ardhini, hiyo ni kazi nyingine kabisa na sili haiponyi. Kwa maelezo yako naona ni dirisha.

Nije kwenye swali lako la kufanana. Hapana, sio lazima, na mimi naona ni vizuri zaidi zisifanane maana kazi zake ni mbili tofauti. Ya nje kazi yake ni kutupa maji mbali na ukuta. Ya ndani ni ya mama kukaa na kuweka kikombe. Watu wanaanza kubishana graniti, tailizi, mbao, kumbe kwa nje umbo ndo linaokoa ukuta kuliko hicho ulichonunua. Graniti ya bei mbaya iliyolazwa bapa na kuishia usawa wa ukuta itakulowesha vilevile, na zege la kawaida lililotengenezwa vizuri litakaa miaka na miaka.

Umbo lenyewe ni hivi. Iwe na mteremko kwenda nje, kwa kila sentimita 10 ishuke kama sentimita 1, fundi aweke pimamaji akuonyeshe kwa macho yako. Itokeze nje ya lipu sentimita 4 au 5, na hapo ipime kutoka kwenye lipu iliyokamilika sio kwenye jiwe, maana lipu ikija juu yake inameza ile pua yote unabaki huna kitu. Alafu upande wa chini wa hiyo pua kuwe na mfereji mdogo, upana sentimita 1 hivi, karibu sentimita 2 na nusu kutoka ukingoni, urefu wote. Huo mfereji ndo mafundi wengi wanaruka na ndo wenye kazi kubwa kuliko vyote! Maji yana tabia ya kujipinda chini ya kingo na kurudi ukutani, yakikuta mfereji yanashindwa kuvuka yanadondoka. Kwenye zege fundi analaza nondo ya milimita 10 au kipande chembamba cha mbao ndani ya fomu, yani kalibu ya mbao ya kumwagia zege, na zege likianza kushika anakitoa. Kwenye graniti wanachana kwa grainda. Na huku pembeni, kushoto na kulia, sili iingie ukutani kidogo na iinuke, kusiwe na njia ya maji kukimbilia kwenye kona.

Sasa tailizi za bafuni. Mpwa wangu, kwa nje mwambie hapana. Tailizi za ukutani zinafyonza maji kwa nyuma, halafu kila kiungo ni mlango wa maji, na ukingoni hakuna pua wala mfereji, kuna saruji nyeupe tu iliyopakwa. Jua linapiga, zinatanuka, mvua inapoa ghafla, zinaachia. Zilizobaki ziweke stoo, siku moja ya bafuni ikipasuka utashukuru.

Graniti ya kaka sio wazo baya. Kwa nje inafaa kama ni kipande kimoja bila kiungo, imechanwa mfereji chini, na imelazwa na mteremko. Tatizo ni kwamba nyeusi upande wa jua inakuwa ya moto sana, na vipande virefu vyembamba vinavunjika kwenye usafiri na kwenye kulaza vikikosa udongo sawasawa kwa chini. Kwa ndani chumbani kwa mama sikushauri, ni ngumu na kona zake ni kali kwa mtu mzima kukalia. Ila jikoni, kwenye dirisha la juu ya sinki, hapo graniti ndo mahali pake hasa, maji na mafuta vinafutika. Kaka akitaka kuchangia graniti mwambie achangie hiyo ya jikoni, ataridhika na nyie mtafaidi.

Mimi kwa nje kwenu ningeweka zege. Uwiano 1 kwa 2 kwa 4, yani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, kokoto ziwe ndogo, mchanga wa mto na sio wa pwani, mchanga wa bahari una chumvi na chumvi tunayo ya kutosha. Unene inchi 3 nyuma, mbele unashuka. Ukipata fundi anayejua, amwagie chini kwenye fomu, lipumzike, alafu apandishe likiwa limekomaa, inatoka safi kuliko kumwagia juu ukutani. Limwagiliwe maji siku 7 na lifunikwe na magunia yaliyoloa, jua la Tanga likilikausha haraka linapasuka nyufa ndogondogo na kazi yote imeharibika. Chini yake utandazwe nailoni mzito, kwa nyuma ukunjwe upandishwe juu nyuma ya sili, maana zege lenyewe linafyonza kidogo. Kama unapenda terazo, yani zege lenye vipande vya mawe linalosuguliwa mpaka ling'ae, kama zile za nyumba za zamani pia ni nzuri mno, ila tafuta fundi wa terazo kweli kweli.

Kitu kimoja nakusisitiza kwasababu nyumba ni ya mawe na chokaa. Usiache fundi azungushie saruji kali kila mahali. Chokaa ni laini na inapumua, unyevu ukiingia unatoka, ukiifunika na lipu ya saruji unyevu unafungiwa ndani unatafuta pa kutokea na chumvi zake, na saruji yenyewe ni ngumu kuliko ukuta kwahiyo inapasuka na kubanduka na mawe. Zile sehemu za lipu zilizovimba zikwanguliwe mpaka kwenye jiwe, ziachwe zikauke vizuri, alafu zipigwe lipu ya chokaa na mchanga, na rangi iwe ya chokaa au yoyote isiyofanya ngozi ya plastiki. Sili ilazwe kwenye udongo wa chokaa wenye saruji kidogo tu.

Sasa mama. Mama msimbishie kabla ya kuangalia, kuna sili za zamani zimetengenezwa kwa ustadi ambao leo unautafuta huupati. Chukua jagi la maji mwaga taratibu juu ya sili ya nje, angalia kama yanakimbia mbele na kudondoka mbali au yanasimama, au yanarudi ukutani. Gonga na mpini wa nyundo, ikilia tupu imeachana na ukuta. Angalia kama ina pua na mfereji chini. Ikifaulu, mama ana haki, iachwe, dirisha likae juu yake. Wasiwasi wangu mkubwa ni zile nondo zilizozamishwa ndani ya saruji. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na inapasua saruji kutoka ndani. Ukiona ufa unaanzia kwenye nondo au doa la kahawia linashuka ukutani, hiyo sili imekwisha hata kama kwa juu inang'aa, usimfiche mama, mpeleke akaone mwenyewe. Ambayo ni nzima, nondo zake zisikatwe usawa wa juu tu, zichimbwe zikatwe chini kama inchi moja na kitundu kijazwe, zikiachwa usawa kutu itaendelea.

Na grili mpya msirudie kosa hilohilo. Grili ishikwe pembeni kwenye kuta mbili, chini ibaki wazi kama inchi moja juu ya sili, maji yapite na ufagio upite. Chumba cha kulala kila kimoja kiwe na grili moja ambayo mtu aliye ndani anaweza kuifungua, moto ukitokea watu watoke.

Dirisha likae wapi? Kwa ukuta wa inchi 18 mimi ningefanya hivi: inchi 4 zibaki nje ya dirisha, fremu ichukue kama inchi 3, na inchi 11 zibaki ndani kwa mama. Likiwa usawa wa nje kabisa mvua ya kusi inalipiga usoni na hakuna kinachokinga, likirudishwa sana ndani unakuwa na sili ya nje pana inayopokea maji mengi na mama ananyang'anywa kiti. Kwa mpango huo sili ya zege inakuwa na upana wa inchi 9, yani 4 za nje, 3 chini ya fremu, na 2 za kutokeza. Grili inaingia kwenye zile 4 za nje.

Kabla ya kubomoa fremu yoyote mwangalie juu. Nyumba za umri huo mara nyingi juu ya dirisha kuna boriti za mbao, na mchwa waliokula fremu hawakuishia kwenye fremu. Wakati mwingine fremu imechoka lakini ndo inayobeba mawe ya juu. Fundi achome na bisibisi, ikizama kama kwenye keki basi tegemezeni kwa mirunda kwanza na boriti ibadilishwe, msing'oe kwa papara. Na mfanye chumba kimoja kimoja, mkiziba tundu na mabati usiku, Januari na Februari kabla ya masika ni muda mzuri.

Sili zikishakomaa ndo mwite fundi wa aluminiamu apime upya. Nyumba ya zamani haina kona ya 90, kwahiyo apime upana juu, katikati na chini, kimo kushoto, katikati na kulia, na achukue kile kidogo, alafu apunguze milimita 5 kila upande. Aluminiamu inatanuka na joto, dirisha la upana wa mita 1.8 linaweza kuongezeka zaidi ya milimita 1 kati ya asubuhi ya baridi na jua kali, likibanwa linajipinda na kusukuma sili. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa hewa ya bahari skrubu za kawaida zikigusana na aluminiamu zinaharibiana haraka. Silikoni iwe ile isiyonuka siki, inayonuka siki haielewani na saruji wala chuma. Saruji mbichi nayo inaunguza rangi ya aluminiamu inaacha madoa yasiyotoka, kwahiyo fremu ifunikwe na utepe wa karatasi wenye gundi wakati wa kupiga lipu.

Na umwonyeshe kwa kidole vile vitundu virefu vidogo vilivyopo chini ya reli kwa nje. Dirisha la kuslaidi linaingiza maji kwenye reli, ndo lilivyo, na hivyo vitundu ndo vya kuyatoa yaangukie juu ya sili. Nimeona mafundi wanavipaka silikoni kwa kuona wanaziba mvua, reli inajaa inamwagika ndani, na familia inasema aluminiamu ni mbovu. Viachwe wazi, na lipu isivifunike.

Mbao yako ya ndani nakuunga mkono kwa moyo wote. Dirisha likikaa juu ya sili ya zege na maji yakitoka nje, mbao ndani haina shida. Mvule, mninga au mtiki, mtiki mnao hapo karibu Muheza kwenye shamba la Longuza, muhimu iwe imekauka kweli. Unene inchi moja na robo, upana ule wa inchi 11 ni bora vipande viwili viungwe kuliko ubao mmoja unaokuja kukunjika kama chapati. Upande wa chini na zile ncha zipakwe dawa ya mchwa na vanishi KABLA ya kulazwa, wengi wanapaka juu tu na unyevu wa ukuta unapanda kwa chini. Ziachwe milimita 3 pembeni mbao ipumue. Ukingo wa mbele uviringishwe vizuri miguu ya mama isiumie, na juu vanishi ngumu ya kutosha kuhimili kikombe cha moto.

Ukienda kwa fundi sasa mwandikiane kwenye karatasi nani anafanya sili, mteremko, pua na mfereji, nani anapima na lini, nani anarudi masika ya kwanza yakivuja. Kila mmoja anasema sio kazi yangu kwasababu haijaandikwa.

Zile fremu za zamani msizichome kuni. Rangi za enzi hizo nyingi zilikuwa na madini ya risasi, moshi wake ni sumu na vumbi lake pia, watoto wakae mbali na msizipige msasa mkavu. Ila zipasue uone ndani, fremu nyingi za miaka ile ni mvule mtupu, na kipande cha mvule ambacho mchwa hawajagusa kikipitishwa kwenye randa nje kwenye hewa, fundi akiwa amefunga pua na mdomo, kinaweza kutosha sili ya ndani ya chumba cha mama, ukanunua mbao mpya za vyumba vingine tu.